Uzito wa Unywele Mmoja

Msusi wangu wa Chaka hana haraka na kichwa cha mtu. Kabla hajashika chanuo, huokota unywele mmoja ulioanguka begani mwa mteja, akauweka kati ya kidole gumba na cha shahada, akausokota taratibu kama fundi cherehani anayekagua uzi dukani. Unywele mnene husikika. Hukwaruza kidogo, ukajua umeshika kitu. Wangu hausikiki. Siku ya kwanza aliupima, akanyamaza, akaupima tena. Kisha akaniambia, "Mami, hii nywele yako ni ya mtoto. Nikivuta, itatoka."

Nilikuwa na miaka 34. Katika miaka hiyo yote hakuna msusi aliyeniambia hivyo kabla ya kuvuta.

Saluni yake ni chumba kimoja kando ya barabara kuu ya Nanyuki, ukishapita Kiganjo. Ndani mna viti vitatu vya plastiki, kioo kirefu chenye ufa, draya moja, na mlangoni jiko la makaa lenye sufuria ya maji, kwa sababu maji ya huku yanatoka mlimani na asubuhi yanauma mifupa. Mlima Kenya uko upande wa mawio, safu ya Nyandarua upande wa machweo, na katikati ndimo tulimo sisi pamoja na upepo. Ikifika Julai jua huadimika, na kila kichwa mjini kimevaa mavini, ile kofia ya sufu, kuanzia kondakta wa matatu hadi mama anayepanga viazi sokoni.

Mwenye Kiswahili chake akisikia jina la mji huu huona vichaka, miti na miiba iliyosongamana mpaka jua halifiki chini. Mimi nimeishi Chaka na kichwa ambacho jua hufika mpaka ngozini. Nimekionea haya, nimekifunika, nimekiongezea nywele za viwandani, nimekipaka karibu kila kitu kinachouzwa kwenye kopo. Nimechelewa sana kujifunza kukitunza, na ndiyo maana nayaandika haya.

Sarufi inataka tuseme "nywele zangu". Huku kwetu tunasema "nywele yangu", kana kwamba ni kitu kimoja kizima, kama kofia. Kwa muda mrefu niliona ni kosa dogo la mazungumzo. Siku hizi naona limenigharimu. Mtu anayesema "nywele yangu" huitazama kwa jumla tu: ni nyingi, ni chache, ni ndefu, imekataa kukua. Haulizi habari za unywele. Na kichwa kama changu hakieleweki mpaka umefika kwenye unywele mmoja.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyafanya kuwa moja. La kwanza ni wingi, yaani nywele ngapi zimeota mahali panapofunikwa na ncha ya kidole. Kichwa cha binadamu huwa na nywele laki moja hivi, na kupoteza 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. La pili ni unene wa kila unywele peke yake. Mtu anaweza kuwa na nywele tele na kila mmoja ukawa mwembamba. Mwingine anazo chache, lakini kila mmoja ni kama waya. Ukiigawa milimita moja vipande elfu, unywele mwembamba hauchukui hata vipande 60, na mnene hupita 80. Karatasi ya kawaida ya printa huchukua kama 100. Jicho halizioni tofauti hizo. Mkono unaovuta ndio unaozikuta, kwa sababu nguvu ya uzi wowote hutokana na ukubwa wa mkato wake: unene ukipungua kwa nusu, nguvu inayobaki ni robo. Niliposoma hilo nilikaa kimya muda mrefu. Robo. Mikono ileile, mvuto uleule ambao rafiki yangu, mwenye unywele wa unene mara mbili ya wangu, aliinuka nao kitini akicheka, kwenye mizizi ya nywele zangu ulikuwa mzigo mara nne.

Na zangu zimejikunja. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe, na kwenye nywele zilizonyooka mafuta hayo huteremka mpaka nchani; ndiyo sababu wenye nywele nyembamba zilizonyooka hulalamika kwamba siku ya pili baada ya kuosha kichwa kimelowa mafuta. Kwenye nywele zilizojikunja hukwama penye kona za mwanzo, ncha zikabaki kavu. Basi mwenye nywele nyembamba zilizojikunja ana taabu za pande zote mbili. Akiziacha bila mafuta, zinakatika. Akipaka mafuta ya mgando kama anavyoshauriwa na kila mtu, zinalala kama nyasi iliyonyeshewa.

Nimetafuta katika Kiswahili neno la nywele za namna hii na sikulipata. Lugha yetu inatupa nywele za singa, zile ndefu, laini, zilizonyooka, na kwa muda mrefu neno hilo limesemwa kwa sifa. Inatupa pia nywele za kipilipili, zilizojikunja vidonge vidonge, na neno hilo limesemwa mara nyingi kwa dharau. Nadhani hapo Kiswahili kilikosea. Kiliangalia umbo, kikamwangalia na mwenye umbo hilo ametoka wapi, kikasahau kugusa. Kingegusa kingekuta kwamba kipilipili kinaweza kuwa cha unywele mwororo kuliko hariri.

Lakini lipo neno moja ambalo nalipenda. Vile vinywele vyepesi vinavyoota mkononi, shingoni na pembeni mwa uso huitwa malaika. Kimoja ni laika. Hao si malaika wa mbinguni, ingawa sikio haliwezi kuzuia kuwasikia. Nywele za mbele za kichwa changu, zile zinazozunguka paji na masikio, ni malaika watupu. Mama yangu alipokuwa akinichana nilipokuwa mdogo, akifika hapo aliacha chanuo akatumia kiganja. Hakuwa amesoma popote. Alizisikia tu.

Mama alinifunga kwa uzi. Jumapili jioni nilikaa chini kati ya magoti yake, naye akagawanya kichwa mafungu, akazungushia kila fungu uzi mweusi kutoka shinani hadi nchani, kisha akayaunganisha yakawa kama daraja. Nywele za uzi zimekuwa jambo la kuchekwa siku hizi, mtu akiambiwa anafanana na antena, na mimi nasema ni hasara. Uzi hunyoosha nywele bila moto wala dawa, na ukifungwa kwa kiasi hauongezi uzito wowote kichwani. Kwa unywele mwembamba sijaona mtindo wenye huruma zaidi.

Cucu, mama yake mama, alitutazama bila kuelewa kinachotuchukua saa nzima. Kizazi kilichomlea kilinyoa. Katika picha za Wakikuyu za mwanzo wa karne ya 20 wanawake waliokwisha kuolewa wana vichwa vilivyonyolewa vikang'aa, na hereni za hang'i zimening'inia masikioni. Waliofuga nywele walikuwa vijana wa kiume, anake, waliozisuka kwa nyuzi na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu. Mafuta yenyewe yalitoka kwenye mbariki, mmea ambao pwani wanauita mbarika au mnyonyo, na Cucu aliyasifu mpaka mwisho wake. Nimeyajaribu. Ni mafuta mazuri kwa ngozi, tena mazito kama asali. Matone mawili yalitosha kukilaza kichwa changu juma zima. Nilipomwambia, alinipapasa utosini akasema, "Kairitu gakwa," yaani msichana wangu mdogo, "wewe ungezaliwa zamani ungenyolewa tu, hakuna ambaye angejua." Nimelifikiria sana neno hilo. Wembe ulikuwa ukiwasawazisha wote. Aina ya nywele ilikuwa haijawa habari ya kumfanya mwanamke ajitazame kwenye kioo akaona kasoro.

Wembe huo niliukuta tena shuleni. Shule ya bweni niliyosoma ilitaka kila msichana awe na nywele fupi, na miaka minne hiyo nilikuwa kama wenzangu wote. Kabla ya kwenda kwa kinyozi mwanzo wa muhula tulilowesha vichwa bombani huku tukitaniana kwa methali: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Huwa tunaitumia kuonyana kuhusu wakopeshaji na wanasiasa, tukasahau kwamba imeanzia kwenye kichwa halisi. Walioitunga walijua kazi. Maji huingia ndani ya unywele, yakaufanya uvimbe na kulegea, na wembe ukapita bila kukwaruza. Kwa nywele zilizojikunja hata chanuo linataka maji kwanza, kwa sababu ukilipitisha pakavu linasikika likikata. Ila unywele mwembamba uliolowa hunyumbuka kuliko inavyofaa, na ukiendelea kuuvuta hukatika. Kwa hiyo msusi wangu hushika fungu juu ya mahali palipofungana, akaanza kuchana kutoka nchani akipanda, ili mvuto uishie mkononi mwake usifike kwenye ngozi yangu. Huo mkono unaozuia ndio ninaolipia.

Huwezi kuandika habari za nywele ukiwa Nyeri, kaunti yetu, ukanyamaza kuhusu wapiganaji wa Mau Mau wa msituni. Kiongozi wao Dedan Kimathi alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, picha iliyosambazwa ilimwonyesha amelala, mikono imefungwa pingu, nywele zimesokotana hadi mabegani. Sanamu yake iliyozinduliwa Nairobi tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 baada ya kunyongwa, inazo nywele hizo. Na mwanamke aliyepanda hadi cheo cha field marshal, Muthoni wa Kirima, alitoka msituni 1963 na nywele zake, akaendelea kukaa nazo hadi Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza wa Kenya, alipomnyoa nyumbani kwake Nyeri. Wengine waliumia kuona, wengine walifurahi, na mjadala ulikuwa mkali. Alifariki Septemba 2023 akiwa na miaka 92.

Mimi nilitazama picha zile na kuona uzito. Nywele zisizochanwa hushikana zenyewe, hata zilizo nyembamba, na kila mwaka unaopita huongeza mzigo shingoni. Bibi yule alibeba mzigo huo karibu miaka 70 kwa sababu ulikuwa na maana kwake. Namheshimu mtu anayebeba uzito anaoujua. Uzito nilioubeba mimi sikuujua, na haukuwa na maana yoyote ila kufanana na wengine.

Ilikuwa kabla ya harusi ya ndugu yangu, Nairobi, katika saluni moja kubwa. Nilitaka braidi nyembamba za kufika kiunoni. Wasusi wawili walinishika pande mbili, kila mmoja akivuta kwake, kwa muda wa saa nane. Kila braidi ilianza kwa fundo dogo lililokazwa kwenye ngozi, hata mbele kwenye malaika. Nilisema inauma. Niliambiwa, "Vumilia, dada. Ikikazwa ndiyo inakaa." Usiku huo sikuweza kufumba macho sawasawa. Kesho yake vipele vilikuwa vimepanga mstari kuzunguka paji. Nilimeza dawa za maumivu nikaenda harusini, na watu walinisifu, na nilifurahi kusifiwa. Penye urembo ndipo penye urimbo, nami nilikuwa ndege aliyekwisha kutua.

Nilipofumua wiki ya sita, braidi za mbele zilitoka na nywele zangu, kila moja ikiwa na doa jeupe shinani. Niliweka zile nywele bandia kwenye mizani ya muuza nyama jirani. Zilipita nusu kilo. Nusu kilo, usiku na mchana, imening'inia kwenye nyuzi zenye robo ya nguvu.

Madaktari wa ngozi wameujua upara huu wa kuvutwa kwa zaidi ya karne moja. Ulielezwa mara ya kwanza 1907 huko Greenland, kwa wanawake waliofunga nywele zao fundo la kukaza utosini. Hata kwenye barafu, kati ya watu wenye nywele zilizonyooka, mvuto ulifanya kazi ileile. Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake, katika utafiti wa Cape Town uliochapishwa 2007, walikuta dalili zake kwa karibu thuluthi moja ya wanawake waliowachunguza, na kwa wanaume wawili tu hivi katika kila mia. Ukiwahi kuacha kuvuta, nywele hurudi. Ukiendelea miaka, shina hugeuka kovu, na kwenye kovu hakuoti kitu. Vipele vile vya paji, ambavyo tumezoea kuvihesabu kuwa sehemu ya kusukwa, ndio mwanzo wake. Upande wangu wa kushoto umerudi. Upande wa kulia umerudi nusu.

Kuhusu dawa ya kunyoosha nywele nitasema machache. Dawa hizo hufanya kazi kwa kuvunja vifungo vinavyoupa unywele umbo lake, na nyingi hutumia kemikali kali za jamii ya soda inayozibulia mabomba. Unywele mwembamba hushiba haraka, kwa hiyo dakika zinazomtosha jirani yako zinaweza kuuyeyusha wako. Utafiti wa Marekani uliotolewa Oktoba 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, ulikuta kwamba waliotumia vinyoosha nywele mara kwa mara walikadiriwa kupata saratani ya mfuko wa uzazi kabla ya miaka 70 kwa asilimia 4.05, na ambao hawakutumia asilimia 1.64. Utafiti huo ulionyesha uhusiano na haukuthibitisha chanzo, lakini kwangu ulitosha. Kopo la mwisho nililitupa.

Sasa nirudi kwenye kiti cha plastiki, maana huko ndiko nilikojifunza.

Msusi wangu huchanganya shampuu na maji kwenye chupa ya soda iliyotobolewa kifuniko, akaimwaga kwenye ngozi tu. Povu likiteremka linatosha kuosha nywele zenyewe. Kondishona huipaka kinyume chake, kuanzia katikati hadi nchani, ngozi haiguswi. Hakaushi kwa taulo. Anayo fulana kuukuu ya pamba ambayo hukandamizia kichwa bila kusugua, kwa sababu nyuzi za taulo huvuta. Draya yake huiweka kwenye joto dogo, na mara nyingi haiwashi kabisa. Hunifunga kwa uzi mafungu kumi, nikakaa nje juani kama lipo, tukaongea habari za bei ya mbolea. Mafuta anayotumia kwangu ni ya parachichi, matone matatu kiganjani, akasugua mikono mpaka ikang'aa, kisha akapitisha viganja juu ya nywele kama anayepangusa vumbi kwenye picha. Mwanzo nilimwambia aongeze. Alikataa. "Mami, hii ni ya kuonja, si ya kushiba."

Kisha hugawa njia. Hanisuki matuta mengi membamba, kwa sababu tuta jembamba huziweka nywele chache kubeba kazi kubwa. Hunipigia manane au kumi, mapana. Kila tuta hulianza kwa nywele zangu peke yake, hatua mbili tatu, bila fundo. Nikitaka kuongeza nywele bandia, na siku hizi mara nyingi sitaki, huziingiza hapo mbele ya safari, uzi kidogo kwa uzi kidogo, mpaka tuta linenepe bila shina kujua. Malaika huwaacha nje. Akimaliza hunitaka niinue nyusi, nifumbe macho, nigeuze shingo. Ngozi ikivutika mahali, hufumua hapo.

Wiki tatu nikiwa nazo hunipigia simu niende kufumua. Zamani nilikaa nazo miezi mitatu kwa kubana matumizi. Nywele zinazodondoka kila siku hubaki zimenaswa ndani ya tuta, zikajifunga na zilizo hai, na siku ya kufumua utazing'oa zote pamoja ukidhani ni ugonjwa.

Amenikata pia. Nilikuwa nikizilinda ncha zangu, zile mbili tatu zilizofika mabegani, kama mtu anayelinda akiba. Alizishika akaniinulia kioo: chini mwanga ulikuwa ukipita. Akakata zote sawa usawa wa taya. Nilipotazama tena nilikuwa na nywele nyingi kuliko nilizoingia nazo, au ndivyo zilivyoonekana, kwa sababu ncha zilizolingana hukusanya kivuli na ncha zilizochakaa hukitawanya.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani ni la huku kwetu zaidi. Mavini. Sufu husugua, na kichwa cha nywele nyembamba kikivaa sufu kutoka Mei hadi Agosti hukatika nywele za kisogoni zikabaki vishungi. Msusi huchukua kipande cha satini, mabaki ya fundi wa magauni, akakishona ndani ya mavini kwa mkono. Hatozi. Ameshona mavini nyingi za mji huu, na ukiwaona watu wamejikunyata kwenye steji wakingoja gari la Naro Moru, huenda nusu yao wamevaa satini bila wewe kujua.

Ndugu zetu Waislamu wa pwani wana jambo ambalo nililisikia nikiwa Mombasa na sijalisahau. Mtoto akizaliwa, siku ya saba hufanyiwa akika. Hunyolewa zile nywele alizotoka nazo tumboni, zikawekwa kwenye mizani, na fedha ya uzito huo ikatolewa sadaka. Nilimuuliza mwenyeji wangu nywele za mtoto wa siku saba zina uzito gani. Alicheka akasema karibu si kitu. Lakini huwekwa kwenye mizani. Nilikumbuka nusu kilo yangu kwenye mizani ya muuza nyama, nikatamani ningepima nywele zangu mwenyewe kwanza.

Binti yangu amerithi kichwa changu. Ana miaka sita. Jumamosi iliyopita nilimpeleka, akawekewa ubao juu ya mikono ya kiti ili afikie kioo, na msusi akaokota unywele begani mwake, akausokota, akanitazama bila kusema neno. Kwenye foleni alikuwepo mama mmoja na binti yake mkubwa kidogo, wanajiandaa kwenda harusini Karatina. Yule mama aliuliza kwa nini tunapoteza muda, mtoto akazwe tu zikae mpaka shule zifunguliwe. Msusi alimjibu kwa upole, "Mama, zitakaa. Ila paji litahama."

Katika tuta la tatu binti yangu alisema, "Inauma." Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto ambaye hajaamua kama anaruhusiwa kusema. Mimi nilifungua mdomo, na neno lililokuja lilikuwa "vumilia". Nilikuwa tayari kulitoa. Nimelisikia mara nyingi mno, na wanawake walioniambia walinipenda. Msusi alikuwa amekwisha kuachia mikono. Alilifumua tuta lote mpaka mwanzo, akapuliza kwenye njia, akaanza upya, na safari hii alimwuliza kila baada ya hatua mbili, "Hapa je? Na hapa?"

Wazazi wenzangu wa Chaka, wa Karatina, wa Nanyuki na kwingineko: mkimpeleka mtoto kusukwa, msimwache hapo mkaenda sokoni. Kaeni karibu naye. Akisema inauma, mwambieni msusi afumue, hata kama mmekwisha kulipa, hata kama gari la harusi linapiga honi.

Binti yangu alitoka na matuta manane, bila nywele bandia, kwa shilingi 200. Usiku huo alilala kifudifudi, shavu limekandamizwa kwenye mto, na hakuamka.